Virusi Havionekani, Kifua Bado Kinabana: Mchochota wa Mapafu kwa Wanaoishi na VVU

Mtu anatumia ARV mwaka wa kumi sasa na hakosi dozi. Kila akipima wingi wa virusi, majibu yanasema havionekani. Seli zake za kinga, CD4, zimepanda, uzito umerudi, shughuli zake zinaendelea. Lakini asubuhi anaamka na kikohozi, na akibeba ndoo ya maji kutoka bombani inambidi aitue njiani avute pumzi. Akifika CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, anaulizwa yale maswali manne ya TB: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Anatoa makohozi, yanapimwa kwenye mashine ya GeneXpert, majibu yanarudi kuwa hana TB. Anaandikiwa amoksilini. Miezi mitatu baadaye amekaa kwenye benchi lilelile na kikohozi kilekile.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Kwetu sisi, kifua cha mtu anayeishi na VVU kimezoea kuulizwa swali moja tu, kama kina TB au hakina. Swali hilo ni la lazima, maana TB ndiyo inayoongoza kuua watu wenye VVU duniani, na mhudumu anayeliruka anahatarisha maisha. Ninacholalamikia ni kinachofuata pale jibu linapokuwa "hana". Mazungumzo yanaishia hapo, faili linafungwa, na huku mapafu yanaweza kuwa yanaharibika taratibu kwa sababu nyingine: kinga ya mwili iliyochokozwa na VVU kwa miaka mingi, ikaendelea kuwaka ndani ya njia za hewa hata baada ya dawa kuvibana virusi.

Hali hiyo ndiyo mchochota. Mtu akichomwa mwiba kidoleni, kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinauma, kwa sababu seli za kinga zimekimbilia pale na kumwaga kemikali za kupigana. Mwiba ukitoka na uchafu ukisafishwa, seli zile zinaondoka na ngozi inapona. Mchochota wa namna hiyo ni rafiki yetu. Wenye madhara ni ule usio na mwisho, wa kiwango cha chini, usioleta homa wala maumivu makali, unaokula nyama ya mwili kidogokidogo kwa miaka bila mwenye mwili kujua.

Kinachotokea mapafuni

Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa kati ya milioni 300 na 500. Vikitandazwa vyote vinafikia mita za mraba 70 hivi, na ukuta unaotenganisha hewa na damu una unene wa sehemu moja tu kati ya elfu ya milimita, au hata chini yake. Wembamba huo ndio unaoruhusu oksijeni kupita. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mapafu hayawezi kuvumilia vita vya muda mrefu ndani yake. Ndiyo maana walinzi wa kwanza wa vifuko hivyo, seli kubwa zinazoitwa makrofaji, wana kazi mbili: kumeza vumbi, masizi na bakteria tunaovivuta kila siku, na pia kutuliza seli nyingine zisije juu bila sababu.

VVU vinaziingia makrofaji hizo. Uwezo wake wa kumeza unapungua, na ule wa kutuliza nao unayumba. Seli za CD4 zilizokuwa zikiratibu ulinzi wa mapafuni zinapukutika, na nafasi yake inajazwa na seli za kinga za aina nyingine, CD8, zenye hasira. Hata kabla ARV hazijaenea, madaktari waliokuwa wakiingiza mrija mapafuni na kuyasuuza kwa maji ya chumvi waliziona CD8 hizo zikiwa zimejazana kwa watu ambao hawakuwa na nimonia yoyote. Na uchunguzi wa aina hiyo uliofanywa kwa watu wa siku hizi, walio kwenye dawa na ambao damu yao haionyeshi virusi, umekuta vinasaba vya VVU vingali vimejificha ndani ya seli za mapafu. Kipimo cha wingi wa virusi kinasoma damu. Mapafu hakiyasomi.

Sababu nyingine kubwa inaanzia tumboni, na hapa ndipo wengi hushangaa. Sehemu kubwa ya seli za kinga mwilini imekaa kwenye utumbo, kwa kuwa huko ndiko tunakoishi na bakteria wengi kuliko mahali pengine popote. Ndani ya wiki chache za mwanzo baada ya maambukizi, VVU vinaziangamiza CD4 za utumbo kwa kasi kubwa, wakati ambapo mtu pengine amehisi mafua tu au hakuhisi kitu. Ukuta wa utumbo unaanza kuvuja. Vipande vya maganda ya bakteria vinapenya na kuingia kwenye damu. Mwaka 2006 Jason Brenchley, Daniel Douek na wenzao walichapisha katika jarida la Nature Medicine ushahidi kwamba uvujaji huu ndio mojawapo ya vichochezi vikuu vya kinga kubaki imewaka kwa watu wenye VVU. ARV zinapunguza uvujaji, lakini kwa wengi haziuzibi wote, hasa kwa wale walioanza dawa CD4 zikiwa zimeshuka sana.

Sasa fuata njia ya damu hiyo. Kutoka utumboni inapita kwenye ini, ambalo linachuja kadiri linavyoweza, kisha inaingia moyoni upande wa kulia, na kituo kinachofuata ni mapafu. Kila pigo la moyo linapeleka huko mabaki ya bakteria pamoja na seli za kinga zilizokwisha kuchokozwa. Ongeza kirusi kingine kiitwacho CMV, ambacho watu wazima karibu wote wa Afrika wanacho kimya mwilini tangu utotoni, nacho kinaifanya kinga ya mwenye VVU ikeshe ikipambana nacho.

Ni kama kijiji kilichovamiwa na wezi, sungusungu wakaitwa. Wezi wamefungiwa ndani ya nyumba moja, hawatoki, lakini kijijini bado wamo. Sungusungu nao hawaendi kulala. Usiku hadi usiku wanazunguka na marungu, kila mchakacho wanaufuata, na baada ya miaka ukikagua hasara utakuta milango iliyovunjwa na nyua zilizobomolewa ni za wanakijiji wenyewe.

Silaha zinazobomoa mapafu zinajulikana kwa majina. Seli za kinga ziitwazo neutrofili zinamwaga kimeng'enya cha elastasi, ambacho kinakata elastini, ile protini inayoyafanya mapafu yatanuke na kurudi kila unapopumua. Makrofaji zilizochokozwa zinatoa vimeng'enya vingine vinavyokata kolajeni na nyuzi nyingine zinazoshikilia kuta. Mwili una protini za kuvizuia, lakini mchochota usiokoma unaizidi nguvu akiba hiyo. Kwa watu wengine matokeo yake ni kuta za vifuko kubomoka, vifuko vingi vidogo vikageuka mapango makubwa yasiyofaa kubadilishana hewa. Hiyo ni emfisema. Kwa wengine uharibifu unatokea kwenye njia ndogo za hewa zenye upana wa chini ya milimita mbili, ambazo kuta zake zinanenepa kwa makovu hadi zinaziba. Wapo wanaopata yote mawili.

Mwaka 2000, Philip Diaz na wenzake wa Ohio, Marekani, walichapisha uchunguzi wa picha za CT (picha za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mapafu kwa undani kuliko eksirei) za watu wenye VVU ambao hawakuwahi kuugua nimonia za UKIMWI, wakawalinganisha na wasio na VVU. Emfisema ilikuwa kwa asilimia 15 ya kundi la kwanza na asilimia 2 ya kundi la pili. Hao hawakuwa wazee. Tafiti zilizofuata ziliona kwamba emfisema inaandamana na CD4 zilizowahi kushuka sana, na pia na kiwango kikubwa damuni cha protini ya sCD14, ambayo makrofaji na ndugu zake huiachia pale zinapokutana na mabaki ya bakteria. Kwa maneno mengine, kinachovuja utumboni kina uhusiano na tundu linaloonekana kwenye picha ya kifua.

ARV zinafanya nini, na zinaishia wapi

Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu najua jinsi habari inavyoweza kupotoshwa. Mtu akisikia "dawa hazimalizi mchochota" anaweza kujiambia basi hazina maana. Ukweli ni kinyume kabisa, na upo utafiti ulioonyesha hivyo kwa gharama kubwa.

Utafiti wa SMART ulihusisha watu 5,472 katika nchi 33. Wakati ule ilidhaniwa kwamba mtu mwenye CD4 nzuri anaweza kupumzishwa ARV ili kuepuka madhara ya dawa. Nusu ya washiriki waliachishwa dawa CD4 zikiwa juu ya 350, na kurudishiwa zikishuka chini ya 250. Januari 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopumzishwa walikuwa wakifa na kuugua zaidi, tena si kwa magonjwa ya UKIMWI peke yake. Moyo, figo na ini vilikuwemo. Damu zao zilipochunguzwa baadaye ilionekana kwamba mwezi mmoja tu baada ya kuacha dawa, viashiria vya mchochota na kuganda kwa damu, IL-6 na D-dimer, vilikuwa vimepanda, na waliokuwa navyo juu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Siwezi kuutaja utafiti huu bila kukumbuka Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje na kliniki nyingi za Afrika Mashariki zikatikisika, wahudumu wakarudishwa nyumbani, wagonjwa wasijue kama wataikuta dawa tarehe yao ikifika. Pengo la dozi hata la wiki chache linawapa virusi nafasi ya kuamka, na mchochota unapanda navyo.

Kwa hiyo ARV ni ngao ya kwanza. Swali ni kama ngao hiyo peke yake inatosha kwa mapafu. Utafiti wa START, uliotangaza matokeo mwaka 2015, uliwafuata watu 4,685 katika nchi 35 na kuonyesha kwamba kuanza dawa mapema, CD4 zikiwa bado juu ya 500, kunapunguza magonjwa mazito na vifo kwa zaidi ya nusu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri. Ndani ya START, zaidi ya washiriki 1,000 walikuwa wakipimwa pumzi mara kwa mara. Kasi ya kupungua kwa pumzi ilikuwa ileile kwa waliowahi dawa na kwa waliocheleweshwa.

Matokeo hayo yana pande mbili na zote zinafaa kusemwa. Wapo waliohofia kwamba ARV, kwa kuiamsha kinga, zingeyaumiza mapafu. Hofu hiyo haikuthibitika. Na wapo waliotumaini kwamba kuwahi dawa kungeyalinda. Katika miaka michache ya ufuatiliaji, tumaini hilo nalo halikuonekana kwenye vipimo. Mapafu yanahitaji kuangaliwa kwa jicho lake yenyewe.

Watoto wa Harare

Kama kuna mahali ambapo jambo hili lilijidhihirisha bila kuchanganyika na sigara wala uzee, ni Harare. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mtoto anayezaliwa na VVU asipopata dawa hafiki umri wa kwenda shule. Miaka ya 2000 madaktari wa Zimbabwe wakaanza kupokea vijana wa miaka kumi, kumi na mbili, kumi na tano, waliozaliwa na VVU na kugunduliwa wakiwa wamechelewa hivyo. Walikuwa wafupi kuliko wenzao, wakikohoa kwa miezi, wakihema kwa kukimbia hatua chache. Wengi walikuwa wamekwisha kutibiwa TB, wengine zaidi ya mara moja, na kikohozi hakikuondoka.

Rashida Ferrand na wenzake waliwachunguza vijana 116 wa kliniki za VVU jijini humo na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Zaidi ya nusu walikuwa na kikohozi sugu. Picha za kawaida za eksirei hazikusaidia sana. Zilionyesha vitu visivyoeleweka au zilikaribia kuwa safi. Picha za CT ndizo zilizofichua siri: mapafu yenye mabaka, sehemu nyingine nyeusi kwa hewa iliyonaswa isiyoweza kutoka, dalili ya njia ndogo za hewa zilizozibwa na makovu. Madaktari wana jina lake, bronkiolaitisi ya kuziba, na walikuwa wakiiona zaidi kwa watu waliopandikizwa mapafu ya mtu mwingine, ambako kinga inayashambulia mapafu mageni. Kumbe kwa watoto hawa huenda kinga ilikuwa imeyashambulia mapafu yao wenyewe.

Kwa mtoto hasara ni kubwa zaidi. Mapafu yanaendelea kutengeneza vifuko vipya katika miaka ya mwanzo ya maisha na kukua hadi mtu anapokaribia miaka 20 na kitu, kisha yanaanza kushuka polepole kwa kila mmoja wetu. Aliyechomwa na mchochota utotoni hafiki kileleni. Anaanza kushuka kutoka chini, na pumzi ambayo mwingine angebaki nayo akiwa na miaka 60, yeye anaweza kuwa nayo akiwa na 25.

Ndipo lilipofanyika jaribio la BREATHE, katika miji ya Harare na Blantyre, Malawi. Watoto na vijana 347 wa miaka 6 hadi 19, wote wakiwa na VVU na pumzi iliyopungua, walipewa ama azithromaisini mara moja kwa wiki au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48. Azithromaisini ni kiuavijasumu, lakini inatuliza pia mchochota wa njia za hewa, na imekuwa ikisaidia baadhi ya watu waliopandikizwa mapafu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Pumzi haikuongezeka, makovu yaliyokwisha kukaa hayakuyeyuka. Lakini vipindi vya kifua kuzidiwa ghafla vilipungua karibu kwa nusu. Kwa mzazi anayekimbizwa hospitali usiku na mtoto anayetweta, hilo ni jambo kubwa. Lina bei yake, kwa sababu bakteria wanaojenga usugu dhidi ya azithromaisini wanaongezeka, hivyo dawa hiyo haifai kugawiwa kiholela kwa kila anayekohoa.

Naona funzo la Harare linatuhusu moja kwa moja. Tanzania, Kenya na Uganda nazo zina vijana waliozaliwa na VVU kabla huduma za kuzuia maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto hazijaenea, ambao leo ni watu wazima wanaotafuta kazi, wengine wakiitwa wavivu kwa kuwa hawawezi kubeba zege.

TB iliyopona na moshi wa jikoni

TB inapotibiwa, bakteria hufa. Mashimo na makovu waliyoacha hubaki. Huko Blantyre watafiti waliwafuatilia watu 405 waliomaliza dawa za TB ya mapafu, zaidi ya nusu yao wakiwa na VVU, na walipopimwa pumzi mwishoni mwa matibabu takriban mmoja kati ya watatu hakuwa na pumzi ya kawaida. Hawa wamepona TB, kadi zao zimeandikwa hivyo, na ni wagonjwa wa mapafu. Wakikohoa tena ni rahisi wakaanzishiwa dawa za TB kwa mara ya pili kwa kuangalia eksirei yenye makovu ya zamani tu.

VVU na TB vinachanganyika kwa namna ya ajabu. Kinga ikiwa chini sana, TB haichimbi mashimo mengi, kwa kuwa mashimo yenyewe yanachimbwa na mchochota. Mtu akianza ARV na kinga ikaamka ghafla, inaikuta TB iliyokuwa imejificha na kuivamia kwa nguvu: homa inarudi, mitoki inavimba, kifua kinazidi. Wagonjwa wengi hudhani ARV zimewadhuru na kuziacha. Mhudumu anapaswa kuwaambia mapema kwamba jambo hili linaweza kutokea, na kwamba lina tiba.

Juu ya yote hayo kuna moshi. Huko Denmark, ambako ARV ni bure na kliniki ni nzuri, Marie Helleberg na wenzake walikokotoa mwaka 2013 kwamba mwenye VVU anayevuta sigara hupoteza miaka 12.3 ya maisha kwa sababu ya sigara, na 5.1 kwa sababu ya VVU. Kwetu wanaume wanaovuta ni wengi kuliko wanawake, lakini mwanamke ambaye hajawahi kugusa sigara amepikia kuni na mkaa tangu akiwa na miaka minane. Masizi yale yanaangukia kwa makrofaji zilezile zilizodhoofishwa na VVU, nazo zinamwaga vimeng'enya vilevile vya kubomoa. Mkakati wa taifa la Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa mama mwenye VVU na kifua kinachobana, jiko la gesi ni sehemu ya tiba, na ningependa siku moja CTC ziwe mahali pa kwanza mitungi ya ruzuku inapofikishwa.

Kupima pumzi

Kifaa kinachotakiwa kinaitwa spirometa. Kuna zinazotoshea kiganjani na kuunganishwa na kompyuta. Mgonjwa anakaa wima, anabanwa pua kwa kibanio, anafunga midomo kwenye bomba la karatasi. "Vuta hewa mpaka mwisho, mama. Haya, puliza! Puliza, puliza, endelea, endelea, bado, usiachie!" Sekunde sita za kupuliza ni ndefu kuliko zinavyosikika, watu hukohoa, hucheka, hupata kizunguzungu. Anarudia angalau mara tatu. Kisha anavuta salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa, anasubiri dakika 15 hadi 20, anapuliza tena.

Mashine inaangalia hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza na kuilinganisha na hewa yote. Mwenye mapafu mazima anatoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yake ndani ya sekunde hiyo moja. Chini ya hapo, hata baada ya salbutamoli, njia zimeziba kwa namna isiyofunguka, na huo ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Ikiwa uwiano ni mzuri lakini hewa yote ni ndogo, pengine mapafu yamekakamaa kwa makovu. Kwa wenye VVU mara nyingi kunaharibika kitu kingine kabla ya hapo, yaani uwezo wa gesi kupenya ukuta wa vifuko, ambao unahitaji mashine kubwa zaidi ya hospitali za rufaa. Hivyo mtu mwenye spirometa nzuri anayechoka kwa kutembea asiambiwe kwamba anajifanyisha.

Spirometa ni chache hospitali za wilaya, na waliofunzwa kuisoma ni wachache zaidi. Hilo nalijua. Lakini kliniki inayomwona mtu huyohuyo miaka kumi mfululizo, ikampima uzito kila akija na virusi kila mwaka, ina nafasi ambayo wagonjwa wengine wa kifua hawana.

Tiba, na mtego mmoja wa dawa

Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuzima mchochota wa mapafu wa VVU kama ugonjwa wenyewe. Kinachofanyika ni kuzuia uharibifu unaoweza kuzuilika na kufungua njia zilizobana. ARV bila kukosa. Sigara kuacha. Chanjo ya homa ya mafua na ya nimonia pale zinapopatikana. Mazoezi ya kutembea yanayoongezwa taratibu, ambayo hupunguza kuhema hata pale kipimo cha pumzi kisipobadilika. Na dawa za kuvuta zinazotanua njia za hewa, kuanzia salbutamoli hadi zile zinazokaa saa 12 au 24.

Mtego uko kwenye steroidi za kuvuta, yaani dawa za kutuliza mchochota kama flutikasoni na budesonidi, ambazo huandikiwa wenye pumu na baadhi ya wenye njia zilizoziba. Kwa kawaida kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo na ini linakivunja upesi. Lakini mtu aliye kwenye ARV za mstari wa pili, zile anazopewa za kwanza zikishindwa, kama atazanaviri au lopinaviri zilizochanganywa na ritonaviri, ini lake limezuiwa na ritonaviri kufanya kazi hiyo. Steroidi inarundikana. Baada ya wiki au miezi uso unajaa, tumbo linatoka huku mikono na miguu ikikonda, ngozi inapata michirizi ya zambarau, sukari inapanda, na tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza homoni zake. Mtu huyo akiikatisha dawa ghafla bila daktari anaweza kuzimia na hata kufa. Steroidi hizi pia zinaongeza hatari ya nimonia na TB, kwa hiyo asipewe mtu ambaye hana sababu ya kweli ya kuzitumia.

Walio kwenye kidonge kimoja chenye dolutegraviri, ambao ni wengi Tanzania na Kenya, hawana mgongano huo. Kwa walio kwenye ritonaviri, beklometasoni ndiyo steroidi ya kuvuta inayoonekana kuwa salama zaidi. Hatari haiko kwenye dawa za kifua peke yake: flutikasoni ya kupuliza puani kwa ajili ya aleji, inayouzwa famasi, na sindano ya triamsinoloni inayochomwa kwenye goti linalouma, zote zinaleta tatizo lilelile. Mtu anayeona aibu kumwambia muuza dawa kwamba yuko kwenye ARV anaweza kumwonyesha jina la kidonge kwenye simu bila kusema neno, au arudi CTC aulize kwanza kabla ya kuifungua hiyo chupa.